Mizani Mbili

Mara ya kwanza nilianguka kwa alama tatu.
Barua haikusema wapi. Ilisikitika tu,
nami nikaisoma garini, nje ya hospitali, Agosti ya Maskati,
usukani ukiunguza viganja kama sufuria.

Nina miaka sita ya kulaza watu.
Nimeshikilia taya za wazee wa Ibra,
nimehesabu na wanawake wa Barka, kumi, tisa, nane,
na hakuna aliyewahi kufika tano.
Lakini mtihani haulali.
Mtihani una tai na kengele mezani,
unauliza kwa Kiingereza
na kukusubiri kwa Kiingereza.

Nikarudi Mabela, chumba cha juu, kwa Mamkubwa Shinuna.
Kiyoyozi kinakohoa. Vitabu vimeegemea gunia la mchele:
gesi na vipimo vyake, moyo wa mtoto wa siku mbili,
sumu ya ganzi, figo, mapafu ya mvutaji.
Saa tisa usiku nakariri nikiyumbayumba
kama mtoto wa chuoni aliyeahidiwa bakora.
Yeye anadarizi kofia, tundu kwa tundu,
miwani kwenye ncha ya pua.
“Nusukaputi,” husema. “Na hiyo nusu nyingine hukaa wapi?”
Sina jibu. Vitabu navyo vinazunguka tu.

Njia ya hewa ndiyo iliyonishinda.
Mgonjwa amelala, mpira haupiti, oksijeni inashuka:
tisini, themanini na mbili, sabini.
Kwenye karatasi nilijua. Mdomoni ilipotea.
Basi nikaitungia shairi
kwa lugha niliyonyonya,
nikamsomea, sindano ikiwa midomoni mwake.

Akagonga vidole juu ya kofia.
“Mshororo wa pili kilema,” akasema.
“Kipande cha nyuma. Nane ziko wapi? Nasikia sita.”
Hajui koo la mtu lilivyo ndani. Anajua nane.
Nikahesabu: *usingoje sana*. Sita kweli.
Nikafungua kitabu, nikapita na kidole hatua kwa hatua,
na pale juu kabisa, kabla ya yote,
kitu nilichokiruka tangu uanafunzi,
mimi niliyelelewa nisisumbue watu:
*ita*.

*Mpira ukikataa, barakoa weka tena,*
*Kifua kikizubaa, ita, usingoje sana,*
*Juu kukiwa balaa, shingoni kuna namna,*
*Kisu hakina fadhaa, roho haina dhamana.*

Januari, Khuwairi, ukumbi wenye harufu ya zulia jipya.
Mtahini wa katikati, mwenye mafua, akageuza kadi.
“Themanini na nane,” alisema, “na inashuka.”
Nikanyamaza. Walidhani nimekwama.
Nilikuwa nahesabu.
“Naita msaada,” nikasema. “Kwanza naita.”
Akaandika kitu kifupi. Hakuniangalia.

Matokeo yalikuja nikiwa zamu.
Simu ilitetemeka mfukoni, sikuigusa:
mgonjwa alikuwa anarudi, mpira bado haujatoka,
kope zake zinapapatika kama za mtu anayebishana na ndoto.
Nikamwita kwa jina mara mbili. Akaja.
Ndipo nikasoma, nimesimama kando ya sinki, mikono imelowa.

Nikampigia Mamkubwa.
“Alhamdulillahi,” akasema. “Kwa hiyo sasa wamekuruhusu
kufanya uliyokuwa ukiyafanya.”
“Ndiyo.”
“Na lile shairi, umelitengeneza?”
“Nimelitengeneza.”
“Haya, lete.”

Nikalisoma pale pale, kofia ya karatasi kichwani,
muuguzi Mhindi akipita na trei, akitabasamu bila kuelewa.
Nilisikia kidole kikigonga upande wa pili.
Kwenye dhamana ya roho akanyamaza kidogo.
“Nane,” akasema, akakata simu,
kwa sababu wali ulikuwa unaungua.